Chavín, Kuélap au Tiwanaku: magofu yapi ya kabla ya Wainka uyaendee kwanza?

Watu wengi wa kwetu wakifika Peru huwa wameshajipangia Machu Picchu, wakimaliza hapo wanarudi. Sina neno na Machu Picchu, ni mahali pa kuonwa. Lakini mji ule ni wa karne ya 15, na Wainka walikuwa wameitawala milima ile kwa takriban karne moja tu Wahispania walipowavamia mwaka 1532. Kabla yao walikuwapo watu waliochonga mawe, wakachimba mifereji na kuinua mahekalu kwenye milima hiyohiyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kazi zao bado zimesimama, na tiketi zake hazigombaniwi.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye nafasi ya kwenda mahali pamoja, pengine pawili. Nimechukua matatu: Chavín de Huántar na Kuélap, yote ya Peru, na Tiwanaku ya Bolivia. Yapo mengine. Wari, karibu na Ayacucho, palikuwa makao makuu ya dola iliyotawala sehemu kubwa ya Peru kati ya miaka ya 600 na 1000 BK, na Marcahuamachuco kule kaskazini pana kuta nene juu ya mlima wenye upepo mkali. Hayo ni ya safari ya pili, kwa mtu aliyekwisha kupenda.

Niseme mapema ninakoegemea: mwenye nafasi moja tu aende Chavín. Ila wapo watu ambao nisingewatuma huko, na sababu zenyewe zinaanzia kifuani.

Mwinuko

Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu tayari anacho kipimo. Mandara ni mita 2,720, Horombo ni mita 3,720. Mpandaji hulala Mandara usiku wa kwanza na Horombo usiku wa pili, na kutwa nzima waongozaji wanamkumbusha pole pole.

Sasa tazama Tiwanaku. Magofu yako mita 3,850, juu ya Horombo. Uwanja wa ndege wa El Alto, unaohudumia La Paz, uko zaidi ya mita 4,000. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa akaunganisha ndege hadi El Alto anakuwa ameziruka hatua zote ambazo mwili huzihitaji ili kuzoea. Kichwa kitauma, usingizi utakatika, na ngazi za hoteli zitamtoa jasho. Hili nalisisitiza kwa sababu vitabu vya safari huisifu Tiwanaku kuwa ndiyo rahisi kufikika. Kwa barabara ni kweli. Kwa mwili, ndiyo ngumu kuliko zote tatu.

Chavín iko karibu mita 3,180, na mji unaoanzia safari, Huaraz, uko karibu mita 3,050. Huo ni mwinuko wa kati. Tatizo liko njiani: barabara ya kwenda Chavín inapanda hadi handaki la Kahuish, mita 4,500 na ushee, kabla ya kushuka upande wa pili wa safu ya Cordillera Blanca. Hukai pale juu, unapita tu, lakini ukipita kesho yake baada ya kuwasili kutoka Lima, ambayo iko pwani, utaumwa. Lala Huaraz usiku kadhaa kwanza.

Kuélap ndiyo yenye huruma. Ngome iko mita 3,000, lakini mji wa kulala, Chachapoyas, uko mita 2,335 tu, chini ya Mandara. Mzazi mwenye umri mkubwa, au mtu mwenye shinikizo la damu aliyeruhusiwa na daktari kusafiri, huyo mpeleke Kuélap.

Chai ya majani ya koka utaletewa kila hoteli, na kule ni halali, wenyeji huinywa bila wasiwasi. Usirudi nayo nyumbani. Hata pakiti moja ya majani ya chai hiyo inaweza kukutia matatani kwenye forodha za nchi nyingi.

Njia ya kufika

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi huunganisha São Paulo au miji ya Ulaya, kisha Lima au La Paz.

Tiwanaku iko kama kilomita 70 kutoka La Paz. Vibasi vya abiria huondoka kwenye mtaa wa karibu na makaburi makuu ya jiji, vinajaa ndipo viondoke, na baada ya saa moja na nusu hivi umefika. Unaenda asubuhi, unarudi jioni.

Chavín inataka basi la saa nane kutoka Lima hadi Huaraz, halafu saa tatu za milimani. Makampuni ya utalii ya Huaraz huuza safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na karibu kila mtu hununua hiyo. Mimi nakusihi usiinunue. Magari hayo hufika karibu na adhuhuri, watu wote wanaingia kwa mkupuo mmoja, na mahandaki membamba yanajaa vichwa. Lala kwenye mji wenyewe wa Chavín, ambao ni mdogo, una nyumba za wageni za kawaida, na magofu yako mwendo mfupi wa miguu kutoka uwanja wa kati. Asubuhi mlango unapofunguliwa mnakuwa wachache sana.

Kuélap iko mbali. Njia fupi ni ndege kutoka Lima hadi Jaén, kisha gari kwa karibu saa nne hadi Chachapoyas. Njia ndefu ni basi la usiku kutoka Chiclayo, na wakati wa mvua barabara hiyo huporomokewa na udongo. Kutoka Chachapoyas unakwenda hadi Nuevo Tingo, ambako tangu 2017 kuna vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye nyaya na kuvuka bonde kwa dakika 20 hivi. Zamani ilikuwa ni kuzunguka mlima kwa gari kwa zaidi ya saa moja. Ukishuka bado kuna mwendo wa kupanda kwa miguu, si mkali, lakini mwenye magoti mabovu ajue.

Utaona nini hasa

Hapa ndipo maamuzi yanapofanyika, na hapa ndipo nitakaa sana kwenye Chavín.

Kwa nje Chavín haitishi. Unaingia unaona viwanja vya mraba vilivyochimbwa chini, ngazi za mawe, na jengo refu lililopoteza sehemu ya juu. Mwaka 1945 maporomoko ya tope na mawe kutoka milimani yalilifunika eneo zima na kuvikokota vipande vingi vya sanaa vilivyokuwa vimehifadhiwa hapohapo. Mtu aliyezoea picha za Machu Picchu anaweza kujiuliza kilichomleta.

Kilichomleta kiko ndani. Hekalu limejaa vichochoro vya mawe, vya giza, vyenye dari fupi, vinavyokata kona ghafla na kupanda ngazi zisizotarajiwa. Vilijengwa kwa makusudi mtu apotee. Matundu membamba ya hewa yanapenya kuta nene, ndiyo maana hata katikati ya jengo hukosi pumzi. Chini ya sakafu kuna mifereji ya maji, na mwanaakiolojia Luis Lumbreras alipendekeza kwamba maji yaliyoelekezwa humo yalikuwa yakinguruma chini ya miguu ya waumini. Simama ndani ya kichochoro, mwenzako azungumze kwa sauti ya chini akiwa nyuma ya kona: hutajua ametokea upande gani.

Na katikati ya vichochoro hivyo, pale vinapokutana kwa umbo la msalaba, kuna Lanzón. Ni nguzo ya jiwe la granite yenye urefu wa mita 4 na nusu, imechongwa kiumbe mwenye meno ya chui, mkono mmoja juu, mwingine chini, nywele na nyusi zake zikiishia kuwa nyoka. Unaitazama kutoka nyuma ya kizuizi, kwa umbali mfupi. Kimo chake kimepenya dari, na hii ndiyo sababu wengi wanaamini kwamba jiwe lilisimamishwa kwanza, chumba kikajengwa kulizunguka. Halijawahi kuondolewa. Karibu kila sanamu kubwa ya Andes ya kale utaiona kwenye makumbusho, chini ya taa, ikiwa na kibao cha maelezo. Hii iko gizani, palepale ilipowekwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Hilo pekee linatosha kunifanya niitangulize Chavín.

Kwenye ukuta wa nje tafuta kichwa cha jiwe kilichochomoza. Zamani ukuta ulizungukwa na safu ya vichwa kama hicho, kimebaki kimoja mahali pake, vingine viko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Chavín upande wa pili wa mji, yaliyofunguliwa 2008 kwa msaada wa Japani. Usiyapite makumbusho hayo. Vipange vichwa kwa macho yako: kuna vyenye sura ya binadamu, vyenye sura ya nusu mtu nusu chui, vingine kamasi zinamtiririka puani. Wataalamu huvisoma kama hatua za mtu aliyevuta dawa ya kulevya puani wakati wa ibada. Uchambuzi uliochapishwa 2025 uliunga mkono wazo hilo, baada ya mabaki ya nikotini na ya mmea mwingine wenye kulevya kukutwa kwenye mirija ya mifupa iliyofukuliwa hapo.

Makumbusho hayo pia yanahifadhi makombe makubwa ya konokono wa baharini, 20 kwa idadi, yaliyofukuliwa 2001 na kikosi cha John Rick wa Chuo Kikuu cha Stanford. Yametobolewa yapulizwe kama baragumu, na yamelainika kwa kushikwa. Konokono hao wanaishi kwenye maji ya joto kuelekea Ekuador, si pwani ya baridi ya Peru. Basi mtu aliyebeba kombe hadi milimani alitembea mamia ya kilomita ili lipulizwe uwanjani pale. Ukitaka kujua mvuto wa Chavín ulifika wapi, yatazame yale makombe.

Julio C. Tello, mwana wa Huarochirí aliyekuwa akizungumza Kikechua na akawa baba wa akiolojia ya Peru, alifika Chavín mwaka 1919 na kutangaza kwamba hapa ndipo ustaarabu wa Andes ulipozaliwa. Leo tunajua ipo miji ya kale zaidi, hasa pwani. Lakini Tello aliwaonyesha Waperu wenzake kwamba asili ya ustaarabu wao iko milimani kwao wenyewe, na ndiyo sababu jina lake utalikuta kila kona ya nchi.

Tiwanaku ni kinyume cha Chavín. Hapa kila kitu kiko nje, kwenye nyanda zilizo wazi, chini ya anga kali. Mji huu ulistawi kati ya miaka ya 500 na 1000 BK, kilomita chache kutoka Ziwa Titicaca, na mafundi wake walikata mawe kwa ustadi ambao sijauona ukizidiwa hata Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka. Usiishie kwenye Lango la Jua, ambalo kila mtu hulipiga picha. Tembea hadi Pumapunku, mtaa wa pili wa magofu, ambako wageni wengi hawafiki kwa sababu mwongozaji ana haraka. Kuna bamba la jiwe jekundu linalokadiriwa kuwa na tani zaidi ya 130. Kilichonishika si hilo bamba. Ni vipande vidogo vya jiwe gumu la kijivu, vyenye pembe za ndani zilizokatwa sawasawa kabisa, na kimoja chenye mfereji mwembamba ulionyooka, uliotobolewa vitundu vidogo kwa nafasi sawa. Inama ukichungulie. Kwenye maungio ya baadhi ya mabamba utaona mashimo yenye umbo la herufi I, ambamo walimimina madini yaliyoyeyushwa ili kuyakamata mawe mawili pamoja. Hawakuwa na chuma.

Kwa sababu ya ustadi huo, wapo wanaodai Pumapunku ilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Madai hayo yanaudhi. Sisi tuliosikia watu wakisema Waafrika hawakuweza kuijenga Zimbabwe Kuu tunaijua vizuri dharau hiyo. Tiwanaku ilijengwa na watu, na Waaymara wanaoishi pale leo wanaiheshimu kama urithi wao. Kila tarehe 21 Juni hukusanyika kabla ya alfajiri kuipokea miale ya kwanza ya mwaka wao mpya, na Evo Morales, aliyekuwa rais wa Bolivia, alitawazwa kimila hapo Januari 2006, kabla ya kuapishwa rasmi.

Lakini msomaji anayetaka kuchagua lazima aambiwe na upande wa pili. Tiwanaku imeumizwa. Mawe yake yamechukuliwa kujengea kanisa la kijiji, nyumba na hata reli. Ukuta wa hekalu la Kalasasaya unaouona umejengwa upya kwa sehemu kubwa miaka ya 1960. Nguzo kubwa ni za kale, mawe madogo yaliyozibwa katikati yake ni ya wakati huo. Lango la Jua lenyewe halipo mahali pake pa awali. Sanamu kubwa kuliko zote, yenye mita 7 na zaidi, ilipelekwa La Paz mwaka 1933, ikanyeshewa mvua na kupigwa moshi wa magari kwa miongo mingi, ikarudishwa 2002, sasa iko ndani ya makumbusho ya hapohapo. Bila maelezo ya mtu anayejua, ni vigumu kutenganisha cha kale na cha juzi. Kwa Tiwanaku, mwongozaji wa kijijini si anasa. Mlipe.

Kuélap nayo ni habari ya mahali na ukubwa. Wachachapoya, watu wa kale wa milima hii, walianza kujenga hapa takriban karne ya 6 BK na wakaendelea kwa karne nyingi. Wakati nyumba zao zikiongezeka juu ya mlima, Kilwa Kisiwani nayo ilikuwa ikipanua msikiti wake mkuu. Ukuta wa chokaa wa Kuélap unafika kama mita 20 mahali pengine, na ngome nzima ina urefu wa karibu mita 600. Unaingia kwa kijia kinachopanda katikati ya kuta mbili ndefu, kinazidi kuwa chembamba hadi mwishoni anapita mtu mmoja mmoja. Juu kuna misingi ya nyumba za duara zaidi ya 400, baadhi zikiwa na nakshi za almasi ukutani, na kuna jengo la Tintero, ambalo ni pana juu na jembamba chini. Llama wanakula majani, miti imevikwa maua ya msituni, ukungu unapanda kutoka bonde la Utcubamba na kushuka. Kwa macho tu, Kuélap inazishinda zote.

Ila Aprili 2022, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ukuta wa kusini iliporomoka na ngome ikafungwa. Ilifunguliwa tena kwa sehemu mwaka 2023, kwa njia maalumu za kupita. Kabla ya kulipia ndege ya Jaén, uliza ni njia zipi zimefunguliwa, na kama nyaya zinafanya kazi siku hiyo.

Basi nani aende wapi

Anayependa historia na haogopi giza wala dari fupi, Chavín. Anayekosa raha akiwa chumba kilichofungwa asiende. Atabaki uwanjani akisubiri wenzake, na uwanja peke yake haulipii safari yote ile.

Familia yenye watoto, mpiga picha, au mtu anayetaka siku kadhaa za mandhari, Kuélap. Eneo hilo lina mengi ya kuongeza: maporomoko ya maji ya Gocta, yenye mita 771, na makumbusho ya Leymebamba yenye miili iliyokaushwa zaidi ya 200, iliyookolewa kwenye makaburi ya Laguna de los Cóndores mwaka 1997. Watoto wengine wataiogopa miili hiyo, mzazi apime.

Fundi, mhandisi, mtu wa mawe na vipimo, Tiwanaku. Hata mwenye siku moja tu ya kubakiza, alimradi awe amekaa La Paz hadi kichwa kimetulia, au ametokea Cusco na Puno akiwa ameshazoea mwinuko.

Nenda kati ya Mei na Septemba, msimu wa kiangazi. Tiwanaku mwezi Juni usiku ni baridi ya kugandisha maji, beba sweta nzito. Kuélap hata kiangazi mvua inaweza kunyesha, kwa hiyo koti la mvua lisikosekane. Magofu na makumbusho mengi ya Peru hufungwa Jumatatu, usiipange siku hiyo. Beba kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano, hasa ukiingia Bolivia, na masharti ya viza ya nchi zote mbili yaangalie kwa pasipoti yako mwenyewe, si ya rafiki.

Kwa mwenye nafasi ya mawili, jozi bora ni Chavín na Tiwanaku, kwa mpangilio huo. Mwili unazoea Huaraz, unashuka Lima, unapanda tena kupitia Cusco au Arequipa hadi Puno, kisha basi linazunguka Ziwa Titicaca na kuvuka mpaka hadi La Paz. Ukiwa Lima, pitia makumbusho ya akiolojia ya Pueblo Libre uione Stela ya Raimondi, jiwe la Chavín lililochongwa kiumbe aliyeshika fimbo mbili. Utamkuta tena juu ya Lango la Jua kiumbe mwingine mwenye fimbo mbili, kwa kazi iliyofanywa zaidi ya miaka elfu moja baadaye, na hapo utakuwa na swali zuri la kumuuliza yule mwongozaji wa Tiwanaku.